Msalaba wa Tano

"Mimi nimekanyaga udongo wa kaburi lake, halafu wewe uliyekaa kwenye kiti unaniambia huyu mtu huenda hajafa. Sasa nikuletee mfupa?"

Hayo yalikuwa malalamiko ya Cephas Okomo, asubuhi moja ya Januari 1966, katika chumba cha mafaili cha hospitali yetu pale Homa Bay. Kila mwenye masikio aliyasikia. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji wa wodi ya kifua, na kati ya jiko langu na mafaili palikuwa na ukuta wa mabati tu. Nani angeniambia nizibe masikio?

Aliyekuwa akilalamikiwa ni Mellen Mokaya, msichana wa Kisii aliyekuwa akitumwa kutoka Nairobi kila baada ya miezi mitatu kukagua kadi. Mwembamba, miwani mikubwa, sauti haipandi wala haishuki.

"Bwana Cephas," akasema, "kaburi nimelisikia. Nimekuuliza ni nani alimwosha maiti."

Cephas hakuwa ameuliza.

Ngoja nieleze kazi yake, maana watu wengi walimwona tu akipita na baiskeli wakadhani ni mkusanya kodi, wakakimbia. Wakati ule hospitali saba za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zinajaribu dawa mbili za kifua kikuu kwa pamoja. Mgonjwa akikubali, daktari alifungua bahasha iliyokuja imefungwa kutoka Nairobi, na ndani mlikuwa na karatasi ya njano au ya kijani. Ukipata njano unameza dawa hii, ukipata kijani unameza ile. Daktari hakuchagua, wala mgonjwa. Baadaye mgonjwa alirudi kwao na vidonge vyake, na kila mwezi kwa mwaka mzima Cephas alimfuata huko huko, amwone kwa macho, aandike kwenye kadi kama yu hai.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka miwili. Shule aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu, na miguu ilikuwa ya mtu asiyejua kuchoka. Alikwenda mpaka Ogwedhi kwenye soko la ng'ombe, akapanda mashua kutoka Sindo mpaka Mfangano, na mtu akimkwepa leo alirudi kesho. Alikuwa mbishi, mwenye kujisifu kidogo, na shati lake lilikuwa safi hata masika. Mimi nilimpenda kama mtu anavyompenda shemeji mwenye kelele.

Mellen ndiye aliyetufundisha jinsi kadi zinavyohesabiwa. Siku moja alichukua karatasi ndefu akachora mistari, mgonjwa mmoja mstari mmoja. Mstari unaanza siku ya kidonge cha kwanza, unakwenda mwezi baada ya mwezi. Akifa, mwisho wa mstari unawekwa msalaba. Akipotea, akahamia asikojulikana, mstari unakatwa pale alipoonekana mara ya mwisho, na panawekwa duara tupu.

"Kwa nini usimwandike tu amekufa?" nikamuuliza. "Mtu wa kifua akipotea, si unajua amekwenda wapi."

"Sijui, na wewe hujui," akasema. "Ninachojua ni kwamba mpaka siku ile alikuwa hai. Miezi hiyo aliyoishi naihesabu yote, ni yake. Kuanzia hapo nanyamaza. Nikimwua kwa kalamu naionea dawa, na nikimwongezea siku nawadanganya watakaoimeza kesho."

Basi hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Cephas alikuwa ameandika kadi ya Javan, mvuvi wa Mfangano, bahasha ya kijani: *Amekufa Novemba 1965, kifua.* Nao ulikuwa msalaba wa tano wa kijani Homa Bay.

Mnapaswa kujua kwa nini huo wa tano alikuwa akiupigania kama mtu anayepigania shamba. Mke wake, Roselyn, alikuwa akimeza kijani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta. Alipoanza kukohoa, Cephas alijivunia kabisa kwamba kwake hakuna kufichana, akampandisha kwenye kiti cha baiskeli mpaka hospitalini, akasimama pale bahasha ikafunguliwa. Sasa alikuwa katika mwezi wa saba wa dawa. Miezi minne ya kwanza alinenepa, watu wakamtania. Mwezi wa tano kikohozi kikarudi, na mwezi wa sita akalazwa tena wodini, nikaanza kuona vitambaa vya damu anavyovificha chini ya godoro.

Cephas akaenda kwa daktari kuomba mkewe ahamishiwe njano. Daktari akamwambia atamhamisha siku atakapokuwa na sababu, na kwamba hofu ya mume si sababu, kwa kuwa hata njano hakuna anayejua kama inashinda. Huko njano nako kulikuwa na watu waliotapika mpaka wakaacha dawa. Ila akamwachia mlango mmoja. Kijani ikifikisha misalaba mitano hapa petu kabla ya majaribio kwisha, ataandika Nairobi daftari kubwa la hospitali zote saba lifunguliwe kabla ya wakati wake. Likionyesha kijani ni mbaya, wote watatolewa.

Tano. Tangu siku hiyo mtu huyu alikuwa akihesabu wafu kama wengine wanavyohesabu ndama.

Mellen hakuwa mkatili, msinielewe vibaya. Alimweleza kwamba Homa Bay peke yake haiwezi kusema. Watu wa visiwani hufika wakiwa wamekohoa miaka miwili, mapafu yameliwa. Wale wa Kisii hufika wiki ya tatu kwa kuwa barabara iko. Huenda hata kwa maji matupu sisi tungezika wengi kuliko wao. Ndiyo maana hospitali ni saba. Cephas akamjibu kwamba yeye hana wake saba. Hapo Mellen akamrudishia kadi zote tano akamwambia azipitie upya, kila kifo na tarehe yake na mtu aliyemshika maiti. Safari hii yeye asingengoja miezi mitatu, angerudi mwisho wa mwezi.

Alianzia Ogwedhi. Huko alikuwa amekufa Gisiri, mfugaji wa Kikuria, na ndugu yake Nchagwa alimpokea Cephas akiwa amesimama katikati ya ng'ombe bila kumpa kiti. Alimwuliza hospitali inataka Gisiri afe mara ngapi. Hata hivyo alijibu: siku ya soko, karibu na zizi la mnada, damu ilimtoka kinywani, naye Nchagwa ndiye aliyemfumba macho. Cephas akaandika. Alituambia baadaye kwamba alitoka pale akipiga mluzi, na alipofika barabarani ndipo akausikia mluzi wake mwenyewe. Akashuka kwenye baiskeli, akakaa kando ya njia.

Wa pili, wa tatu na wa nne nao walikuwa wamekufa kweli, kwa siku alizoandika au karibu. Akabaki Javan.

Mfangano alifika mchana, upepo mkali, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Mama yake Javan aliitwa Jedidah, mjane mwenye umri wa bibi yangu, mkavu kama samaki aliyeanikwa. Alikuwa anageuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani. Kaburi lilikuwa pale pale, kushoto kwa nyumba, limeshaanza kuota nyasi. Mara ya kwanza Cephas alilionyeshwa kwa kidole tu, akaondoka na kadi yake. Sasa akakaa chini, akaamkia vizuri, akauliza habari za mvua, na mwishowe akauliza alilotumwa: ni nani alimwosha Javan?

Mama yule aliendelea kugeuza omena.

"Wuoda," akasema mwishowe, yaani mwanangu, "wewe ni Mjaluo, au ulizaliwa hospitali?"

"Ni Mjaluo, Mama."

"Basi mbona unaniuliza swali la mzungu? Ziwa lilimchukua. Mtumbwi ulipinduka wakiwa watatu. Wawili walitupwa ufukweni siku ya pili, yeye hakutupwa. Tulingoja, tukachoka. Humo ndani mna yago."

Yago ni lile tunda refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu, na kwetu mtu asipopatikana tunalizika hilo badala yake, kwa kilio chote na heshima zote, ili nyumba itulie. Kila Mjaluo anajua. Cephas alijua tangu anyonyeshwe. Lakini alipoonyeshwa kaburi hakuuliza ndani mna nini, na mimi nasema hakuuliza kwa sababu alilihitaji lile kaburi liwe na mtu.

Akauliza mgonjwa wa kifua alikwenda kufanya nini ziwani. Jedidah akamcheka, kicheko kisicho na furaha yoyote. Mgonjwa gani? Mwanawe alikuwa amepata nguvu. Dawa zile zilimfanya ale ugali wa watu wawili, akaanza kupiga kelele hawezi kukaa nyumbani kama mwanamke aliyejifungua. Angebaki mgonjwa angekuwa hai.

Fikiri wewe. Msalaba uliokuwa uihukumu dawa ya kijani ulikuwa wa mtu aliyesimamishwa na dawa ya kijani.

Cephas akamwambia kwamba itabidi abadilishe kadi, aandike Javan amepotea. Mama yule sasa ndipo alipokasirika. Alisema wamekwisha nyoa nywele, mke wa Javan amekwisha pewa shemeji, na mtu aliyezikwa hafukuliwi kwa penseli.

"Mwache amekufa," akamwambia. "Unamwonea huruma nani? Mimi ndiye mama yake, na nimekubali."

Kwa hiyo hakuna aliyemtaka Javan awe amepotea. Mama hakutaka. Cephas hakutaka. Kadi ilikuwa mfukoni, imeandikwa tayari, na hata kufuta hakukuhitajika. Alihitaji tu kuongeza jina la mwoshaji, jina lolote la kisiwani, na Nairobi hakuna ambaye angepanda mtumbwi kuja kuuliza. Aliondoka Mfangano bila kuandika kitu.

Alipofika hospitali alimkuta Roselyn amekaa kwenye ngazi ya jiko langu akinisaidia kuchambua osuga, yaani mnavu. Hakuwa na nguvu za kuchambua, alikuwa akishikilia tu majani, lakini alikataa kulala mchana. Cephas akachuchumaa mbele yake akamweleza yote, yago, ugali wa watu wawili, kila kitu. Akamwambia anaweza kuandika jina la mtu. Akamwambia akiandika, barua inakwenda Nairobi wiki hii hii.

Roselyn alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na macho makubwa wakati huo, uso wote macho.

"Na daftari likifunguliwa huku limejaa uongo wako," akasema, "wakiona kijani ni mbaya, utajua ni mbaya kweli au ni mbaya kwa sababu yako?"

"Nitajua wamekutoa."

"Wanitoe waniweke wapi? Huko njano unakokujua wewe?" Akakohoa, tukangoja. "Wenzangu wodini wanameza hii hii, Cephas. Mmoja amepata nguvu, anaimba mpaka tunamchukia. Na yeye watamtoa kwa tunda?"

Cephas alimwomba. Nimeona wanaume wakiomba mambo, lakini sijaona mwingine aliyemwomba mkewe kwa namna ile, ameshika vidole vyake vyenye majani, akirudia neno moja, tafadhali, tafadhali. Mimi nikajifanya naangalia sufuria. Roselyn hakumwambia ndiyo wala hapana tena. Alisema amechoka, nimsaidie kuinuka.

Kesho yake Cephas alichukua kadi ya Javan akapiga mstari juu ya maneno yake mwenyewe. Akaandika: *Amepotea ziwani. Alionekana hai mara ya mwisho 9 Novemba 1965.* Mellen aliporudi akaisoma, akaweka duara tupu mwisho wa mstari wa Javan. Misalaba ikawa minne. Hakumsifu. Nadhani alijua sifa ingemtapisha.

Daktari hakuandika barua. Februari ikapita. Machi wakamwongeza Roselyn sindano, kila asubuhi, mpaka mapaja yakawa hayana pa kudunga, na ilikuwa imechelewa. Cephas aliacha kwenda mbali. Alifuata wagonjwa wa karibu tu na kurudi mbio, na kila akirudi alisimama kwanza mlangoni mwa wodi akihesabu vitanda kwa macho kabla ya kuingia. Siku nyingine alimwambia mkewe anaendelea vizuri kwa sauti ya kumgombeza, kama kwamba kutoendelea vizuri ni ukaidi.

Roselyn alikufa tarehe kumi na tisa Aprili, saa nne asubuhi, mvua ikipiga mabati tusisikilizane. Tulimpeleka kwao Cephas, upande wa Uriri, tukamzika humo humo kwenye tope. Niliosha mwili mimi na sista mmoja. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka kumi.

Mei Cephas akarudi kazini. Shati safi, baiskeli imepakwa mafuta. Julai Mellen akaja kukagua.

Aliifikia kadi ya Roselyn akaishika muda mrefu. Nilikuwa nimeingia na chai, nikaisoma juu ya bega lake. Mwandiko wa mwalimu, safi, umenyooka: *Amepotea. Alionekana hai mara ya mwisho 18 Aprili 1966.*

Mtu mzima, aliyemzika mke wake mbele ya kijiji.

Nikadhani Mellen atamkemea. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya kitambaa, akaivaa tena. Cephas alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo.

"Naweza kumwambia daktari aijaze," Mellen akasema. "Sitaki. Nitaandika kwamba Homa Bay inadaiwa kadi moja."

Akaandika hivyo kweli katika daftari lake dogo, akamwachia kadi mezani. Siku mbili nzima alikagua nyingine zote, na ile moja ikakaa pale pale, hakuna aliyeigusa hata kufuta vumbi. Jioni ya pili nilimfuata Cephas uani nikamwambia anajiaibisha. Sikusema kwa upole, sijui kusema kwa upole. Akaniambia nirudi kwenye sufuria zangu.

Leo najua kilichokuwa ndani ya daftari kubwa, maana lilifunguliwa Septemba mwaka ule. Katika hospitali zote saba, mamia ya mistari ikipangwa pamoja, kijani na njano zilikwenda sambamba, mwezi kwa mwezi, huwezi kuzitenganisha. Homa Bay misalaba yetu ilikuwa mingi kwa kuwa watu wetu walifika wakiwa wamechelewa. Roselyn angehamishwa Januari angetolewa kwenye dawa moja akapewa pacha wake. Cephas alipoambiwa hayo aliitikia kwa kichwa tu. Kuna mambo ya kweli ambayo hayamsaidii mtu yeyote kulala.

Lakini Julai hakuna aliyejua. Asubuhi ya tatu Mellen alikuwa anafunga sanduku lake, gari la kumpeleka Kisii limekwisha fika. Cephas akaingia.

"Nikiuweka huo msalaba," akasema, "unakuwa wa tano. Daftari linafunguliwa."

"Ndiyo."

"Nilitaka lifunguliwe kwa ajili yake. Sikutaka lifunguliwe kwa kupitia kwake."

Mellen akakaa tena kwenye kiti. Akamwambia kwamba hapa Homa Bay kuna watu kumi na wanane wanaomeza kijani, na kila mmoja ana mtu nyumbani anayemwamkia kila asubuhi kwa hofu. "Nao wanahesabu, Bwana Cephas," akasema. "Hawana kadi, lakini wanahesabu. Wewe unawajua kwa majina, mimi nawajua kwa namba."

Dereva akapiga honi. Hakuna aliyejali.

Cephas akavuta kiti, akaichukua kadi, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake kwa rula, polepole, asiharibu karatasi. Akaandika tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi. Kwenye nafasi ya mashahidi akaniuliza jina langu kamili la ubatizo, ingawa analijua tangu siku nyingi, nami nikamtajia herufi moja moja kama mgeni. Akaupuliza wino. Akampa.

Mellen akaisoma, akaitia pamoja na nyingine. Kisha akafungua lile daftari dogo, akatafuta ukurasa, akakata kwa kalamu mahali palipoandikwa Homa Bay, kadi moja.